Wiki Mbili Bila Kidonge

Kila asubuhi, kabla ya kukanyaga kipago cha kwanza cha ngazi ya kreni, Mwewe alimeza kidonge kimoja kwa funda la maji, akajifuta mdomo, kisha akaanza kupanda. Ilikuwa imeshakuwa kama kuvaa viatu. Jina la Mwewe alipewa na wenzake pale kwenye ujenzi, kwa sababu siku nzima alikaa juu ya vichwa vyao, akiinua nondo, mbao na ndoo za zege kuzipeleka ghorofa moja baada ya nyingine. Nyumbani alikuwa Baba Pacha, na mkewe Mama Pacha, ingawa pacha wenyewe walikuwa wamekua na kwenda kusoma bweni, wakiacha nyumba kimya.

Kichumba chake cha juu kilikuwa cha vioo, kisichozidi choo cha nyumba ya kupanga. Ndani kulikuwa na kiti kimoja, mkono wa kuendeshea kushoto na mwingine kulia, kioo chini ya miguu ili aone mzigo, redio ya kuongelea, na chupa ya kukojolea. Aliyepanda asubuhi alishuka mchana kula, akapanda tena mpaka jioni. Hakukuwa na kusema ngoja ninyooshe miguu kidogo.

Sauti iliyomwongoza kutoka chini ilikuwa ya shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu mnene mwenye maneno mengi. Kazi yake ilikuwa kusimama karibu na mzigo akiwa na redio mkononi.

"Shusha. Shusha. Polepole, shem, hayo si magunia ya pamba. Simama hapo! Umenifurahisha, nitakuoza dada yangu mara ya pili."

Mwewe alicheka, na alipocheka tumbo lilimkumbusha kwamba lipo.

Maumivu yalikuwa ya miaka. Yalikaa chini kidogo ya kifua, kama mtu anayekwangua sufuria kwa kijiko, taratibu, bila haraka ya kumaliza. Mwenye duka la dawa la mtaani ndiye aliyempa vile vidonge vya kupunguza asidi, na kwa kweli vilimsaidia. Tatizo ni kwamba kila alipojaribu kuviacha, kile kijiko kilirudi na hasira. Akaamua kwenda kupima. Kwenye zahanati moja walimnywesha maji fulani, wakamwambia apulize kwenye mfuko, wakaupeleka mfuko kwenye mashine.

"Huna bakteria," kijana wa vipimo alimwambia. "Tumbo lako halina shida. Punguza mawazo tu."

Mwewe alirudi nyumbani akiwaza namna ya kupunguza mawazo.

Kuanzia siku ile alijikuta mahali pabaya kuliko mwanzo. Zamani alikuwa mgonjwa. Sasa alikuwa mzima anayelalamika. Akisukuma sahani pembeni, mkewe alimtazama na kusema, "Lakini si walisema huna kitu?" Hakusema kwa ubaya. Alikuwa msusi, alisukia wateja barazani tangu asubuhi, na alikuwa na uchovu wake mwenyewe. Mwewe angesema nini, kwamba mashine inadanganya? Akazidi kumeza vidonge.

Hata hivyo ilifika mahali kidonge kimoja hakikutosha. Jumamosi moja, akiwa hana zamu, alikwenda hospitali kubwa, akakaa kwenye benchi mpaka makalio yakafa ganzi, hatimaye akaingia kwa daktari wa matumbo, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba shingoni. Alimweleza kila kitu, na mwisho akamwonyesha karatasi ya kile kipimo cha pumzi.

Daktari aliisoma, akaiweka mezani. "Siku ulipopima, ulikuwa unameza vidonge vya kupunguza asidi?"

"Ndiyo. Kila asubuhi."

"Mpaka asubuhi ile ile?"

"Mpaka asubuhi ile ile. Kwani vibaya?"

"Hawakukuambia uviache kwanza?"

"Hakuna aliyeniuliza, daktari."

Daktari alivua miwani. Alikuwa na namna ya kueleza jambo akitazama mikono yake, kama anayelitengeneza palepale.

"Hawa bakteria wanaishi kwenye asidi inayoweza kula msumari. Wanaishije? Wana kimeng'enya chao, kitu wanachokitengeneza wenyewe, kinachovunja urea na kutoa amonia. Hiyo amonia inaipoza asidi iliyowazunguka. Sasa kile kipimo hakiwaoni bakteria wenyewe, kinaona kazi ya hicho kimeng'enya. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Kidonge chako kinapunguza asidi, ndiyo kazi yake. Lakini kinafanya na zaidi ya hapo. Kinakizuia kile kimeng'enya, na kinawadumaza bakteria wasizaliane. Wanapungua. Waliobaki wanajibanza sehemu ya juu ya tumbo, wanatulia tuli. Unapuliza mfuko, mashine inasema hakuna. Nao wapo."

"Kwa hiyo kidonge kinawaua?"

"Hakiwaui. Kingewaua, ungeshapona siku nyingi. Kinawanyamazisha tu."

Mwewe alihisi kitu kikimpanda kifuani, nusu hasira, nusu furaha. Kumbe hakuwa akijitungia. "Sasa tufanye nini?"

"Acha vidonge wiki mbili. Maumivu yakizidi, kunywa hii dawa nyeupe ya maji, hii haina shida. Kisha njoo tupime upya. Ukiona choo cheusi kama lami, au ukitapika damu, usisubiri kipimo, njoo hapo hapo. Na omba ruhusa kazini, maana hizo wiki mbili hazitakuwa nzuri."

Hapo ndipo kamba ilipofungwa pande zote mbili. Pale kwenye ujenzi sheria ya msimamizi ilikuwa fupi: mgonjwa hapandi. Mwendeshaji aliyemtangulia Mwewe alisema siku moja kwamba ana kizunguzungu, akaambiwa akapumzike, na hakuitwa tena. Akimeza kidonge, Mwewe angeweza kufanya kazi lakini asingejua ugonjwa wake. Asipomeza, angeujua ugonjwa, lakini angefanyaje kazi? Na akisema ukweli, kazi yenyewe haipo.

Alipiga moyo konde, akaamua kuacha vidonge na kuendelea kupanda, bila kumwambia mtu. Mkewe pekee ndiye aliyejua nusu ya habari. Mwewe alimkabidhi boksi la vidonge na kumwambia, "Vifiche. Hata nikikuomba, usinipe." Kuhusu kreni, alimwambia amepewa kazi nyepesi chini.

Siku za mwanzo alijikaza kisabuni. Alipanda na chupa ya ile dawa nyeupe mfukoni, nzito kama chokaa iliyokorogwa, akainywa kwa mafunda madogo. Ilimtuliza kwa muda wa kuinua mizigo michache, halafu kijiko kilianza tena kukwangua. Kule juu hapakuwa na pa kujikunja. Kiti kilimtaka akae wima, mikono yote miwili iwe kazini, macho yatazame chini kati ya miguu yake. Jasho lilimtoka hata kulipokuwa na baridi. Vioo vilijaa ukungu wa pumzi yake, akawa anavifuta kwa kiwiko. Aliwaona watu wote, wanakwenda msalani, wanakaa kivulini, wanagombana na kupatana, na hakuna aliyemwona yeye.

"Shem, leo umekuwa bubu," shemeji yake alimwambia redioni. "Umenuniwa nyumbani?"

"Niko sawa. Sema mzigo."

"Mzigo ni nondo. Na wewe si sawa, lakini haya."

Lilikuwa fungu refu la nondo, likienda sakafu ya ghorofa ya tisa, ambako mafundi walikuwa wakilisubiri. Mwewe alilinyanyua vizuri, akalipitisha juu ya ukuta, akaanza kuuzungusha mkono wa kreni. Ndipo maumivu yalipomjia, si kama kijiko sasa, bali kama mtu aliyeingiza mkono mzima akakunja ngumi. Mwili ulijikunja wenyewe. Mkono wake wa kulia ukavuta usipotakiwa kuvuta.

"Simama!" redio ilipiga kelele. "Simama, simama, simama!"

Alisimamisha. Lakini nondo zilishapata mwendo. Zilipepesuka zikagonga vyuma vya kuzuia watu wasianguke, vikang'oka na kuanguka chini vikilia kama masufuria. Mafundi walikuwa wamelala kifudifudi. Mwewe aliwahesabu kwa macho, mmoja mmoja, roho mkononi. Wote waliinuka. Mmoja alitazama juu na kunyoosha kidole, mdomo ukienda bila sauti, na haikuhitaji sauti kujua ni matusi.

Alizishusha zile nondo salama. Hata yeye hakujua alizishushaje. Kisha akazima mitambo, akakaa.

"Shem, teremka," shemeji alisema.

"Siwezi."

"Huwezi vipi?"

"Miguu haina nguvu. Niache kidogo."

Redio ilinyamaza. Baada ya muda Mwewe aliona kupitia kioo cha chini kitu ambacho hakuwahi kukiona: shemeji yake, mtu aliyeogopa hata kupanda juu ya meza kubadilisha taa, yuko kwenye ngazi. Alipanda akiwa amefumba macho, akisimama kila jukwaa, amekumbatia chuma kama ndugu aliyepotea. Ilimchukua muda mrefu mno. Alipofika alijisukuma ndani ya kichumba, tumbo kwanza, na mlango haukufungika. Wawili wale walibanana, mmoja kitini, mwingine amepiga magoti kwenye kona, anahema.

"Usinionyeshe chini," alisema shemeji. "Ukinionyesha chini nakutapikia. Haya, sema. Una nini?"

Mwewe alimwambia yote. Alimwambia kuhusu kipimo cha kwanza na daktari mwenye miwani ya kamba, wadudu walionyamazishwa, vidonge alivyoviacha. Shemeji alisikiliza bila mzaha hata mmoja, jambo ambalo lilimtisha Mwewe kuliko kelele.

"Dada yangu anajua uko huku juu?"

"Hapana."

"Na mimi nimesimama chini ya mizigo yako siku zote hizi, hunambii."

"Shem..."

"Usiniite shem. Wale watu wana watoto. Mimi nina watoto. Ungeniua, halafu ungekuja kwenye msiba wangu kula."

Mwewe alifunika uso. Alisema, kwa sauti ambayo ingepotea kama si udogo wa chumba kile, "Nikisema, wananitoa. Nisiposema, ndiyo hivi. Nikimeza, siponi. Nionyeshe mlango, nitapita."

Upepo ulikitikisa kidogo kichumba, shemeji akashika goti la Mwewe kwa nguvu, na hakuliachia hata ulipotulia.

"Mlango ni mmoja tu," alisema hatimaye, "nao una ngazi ndefu. Tutashuka, utamwambia msimamizi. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi. Utanichukia, sawa, nichukie ukiwa chini."

Walishuka pamoja, shemeji akitangulia ili Mwewe akiteleza amwangukie mtu laini, kama alivyosema mwenyewe. Msimamizi alikuwa akiwasubiri pale chini na kofia ngumu mkononi. Alimsikiliza Mwewe mpaka mwisho, akautazama ule uzio ulioanguka.

"Nenda nyumbani," alisema. "Kadi ya geti niachie."

"Nikipona?"

"Ukipona lete karatasi ya daktari. Siahidi kitu. Leo sina cha kumwahidi mtu."

Basi Mwewe akarudi nyumbani kumalizia zile wiki mbili, na nyumba ikawa kichumba kingine. Alilala chumbani pazia limefungwa, akisikia barazani wateja wa mkewe wakicheka, wakiulizana bei ya nywele za bandia. Mkewe alishaambiwa yote na kaka yake, na alimnunia siku nzima. Siku ya pili alimletea uji mwembamba, akaketi kitandani.

"Ungekufa huko juu," alisema, "ningejulia kwa watu."

"Ungesema nisipande."

"Ndiyo, ningesema. Ndiyo maana ya kuwa na mke."

Maumivu yalikuwa mabaya kuliko alivyofikiri. Kila asubuhi, kabla ya jambo lolote, aliangalia choo chake kama daktari alivyomwagiza. Weusi haukuwepo. Mchana mmoja, jua likiwa kali juu ya bati, alijikunja ukutani akalia, kilio cha mtu mzima asiyejali tena nani anasikia. Barazani kicheko kilikatika. Mkewe aliingia, vidole vikiwa bado na mafuta ya nywele, katika kiganja kimoja kidonge, katika kingine kikombe cha maji.

"Meza," alisema. "Kipimo kitasubiri. Siwezi kukusikia hivi."

Mwewe alikitazama kile kidonge. Kilikuwa kidogo sana, chenye rangi mbili, na alijua vizuri nini kingetokea. Kwa siku chache angetulia. Na wale wa ndani nao wangetulia, wakingojea.

"Nikimeza hiki tunaanza upya," alisema kwa meno yaliyobanana. "Nami sina nguvu ya kuanza upya. Kiondoe mbele yangu, mama. Nipe ile nyeupe."

Mkewe akakitia kidonge mfukoni mwa aproni, akamletea dawa nyeupe, akamshika kichwa akinywa. Hakurudi barazani. Mteja alisubiri.

Siku ya kipimo alitangulia kufika kuliko hata wafagiaji wa hospitali. Alikunywa maji, akasubiri, akapuliza mfuko, akaketi na mkewe kwenye benchi. Daktari alipowaita alikuwa ameshavaa miwani yake.

"Wapo," alisema. "Tena wengi."

Mwewe aliangua kicheko. Alicheka mpaka akashika tumbo, na mkewe akamtazama kama mtu aliyerukwa na akili. "Unaambiwa una wadudu, unafurahi?"

"Wapo!" alisema Mwewe. "Umesikia? Wapo!"

Daktari alimwandikia dawa mbili za kuua bakteria, na ya tatu akaizungushia duara. Mwewe alisoma, akashtuka. "Daktari, hii si ile ile?"

"Ile ile. Asidi ikipungua, dawa za kuua zinafanya kazi vizuri. Safari hii haiendi peke yake, ndiyo tofauti." Kisha akamgeukia mkewe. "Na wewe, mama? Hawa wanaambukizana ndani ya nyumba. Tumbo halikusumbui?"

Mama Pacha alianza kufungua na kufunga zipu ya mkoba wake. "Kidogo."

"Unatumia nini?"

Zipu ikafunguka, ikafungika.

"Vyake," alisema. "Kimoja kimoja. Tangu mwaka juzi."

Mwewe aligeuka akamtazama. Alikumbuka maboksi yaliyokuwa yakiisha mapema, na yeye akidhani duka la dawa linampunja. "Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Wewe ulikuwa unalia. Mimi nikalie wapi?"

Daktari hakuingilia. Alimaliza kuandika, akasema kwa upole kwamba mama naye itabidi aache wiki mbili, apimwe, na kwamba anaweza kuanza mume akishamaliza dozi, ili nyumba isiwe na wagonjwa wawili wasio na mpishi.

Dozi ilimchafua Mwewe mdomo, kila kitu kikawa na ladha ya sarafu, lakini aliimaliza. Kijiko kiliacha kukwangua polepole, mpaka siku moja aligundua kwamba amekula na kusahau. Mkewe alikuwa na harusi mbili za kusukia, akaomba siku zake za kuacha zisogezwe mbele, na Mwewe, aliyejua sababu halisi ni woga, hakumsukuma. Yeye alipopima tena baada ya miezi miwili, bila kidonge tumboni, mashine ilisema hakuna, na safari hii daktari aliiamini. Alimpa karatasi. Msimamizi aliisoma kwa muda mrefu, akampa kadi ya geti bila kusema lolote, isipokuwa kwamba Jumatatu asichelewe.

Jumatatu hiyo Mama Pacha naye alikuwa katika siku zake za mwanzo bila kidonge. Mwewe alikaa tena kwenye kiti chake juu ya jiji. Lori la zege lilichelewa, kreni ikasimama, akatoa simu.

"Imeanza?"

"Tangu asubuhi," mkewe alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nina mteja, nusu kasuka, nusu bado."

"Mwache ukalale."

"Nimwache na nusu kichwa?"

"Dawa nyeupe umekunywa?"

"Nimekunywa. Baba Pacha, wewe ulivumiliaje?"

Alitaka kumpa jibu la kiume. Akatazama chini kati ya miguu yake, ghorofa zote zile za hewa tupu.

"Sikuvumilia. Nililia, si ulinisikia?"

Mkewe alicheka, na kicheko kikakatikia katikati, akasikika akivuta pumzi kwa meno. Mwewe alisimama bila kujijua, kichwa kikagonga dari. Hakukuwa na pa kwenda. Ngazi ndefu, geti, barabara, na siku nzima ya kazi mbele yake.

"Shem," redio ikaita, "lori limefika. Uko tayari?"

"Nenda kafanye kazi," mkewe alisema. "Angalia watu wa watu."

"Jioni nitakuwa hapo. Mama, unanisikia? Jioni."

"Nakusikia."

Aliketi, akaweka simu, akashika mikono ya kuendeshea. "Niko tayari," alisema, na kamba ya kreni ikaanza kushuka.